Shati la Mchana

Kaka yangu ni dobi, na kwa miaka yote niliyofanya kazi dukani kwake hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Hilo hulisema mwenyewe kwa kila mteja mpya, aulizwe asiulizwe, huku amekunja mikono kifuani kama anayesubiri kupigwa picha. Watu wamempa jina la Mstari, kwa sababu suruali ikitoka mikononi mwake huwa na mkunjo mmoja ulionyooka kutoka kiunoni hadi kwenye pindo, na hata ukikaa ofisini kutwa nzima mkunjo huo hauondoki. Kwa mengine yote kaka ni mtu wa kawaida tu. Kupika hajui, kucheza hajui, na akianza kusimulia kichekesho hucheka mwenyewe kabla hajafika mwisho. Lakini mpe pasi umwone.

Mimi mdogo wake nakaa kaunta. Napokea nguo, nabandika namba, nakunja, na nagombana na wanaodai eti soksi yao moja imepotelea kwetu. Nyuma ya kaunta kuna chumba cha pasi, chenye meza mbili zinazotazamana, zimetandikwa blanketi na shuka nyeupe juu yake. Moja ni ya kaka, ya pili ni ya mkewe, wifi yangu. Nyuma kabisa kuna uwanja wa saruji wenye mabeseni na kamba za kuanikia. Haya ninayosimulia, mengi nimeyapata kwa wifi. Kaka hakuniambia hata neno, na hakupaswa, maana kuna mambo ndugu wa kike hasimuliwi. Ila msiniite mmbeya. Mvuke wa pasi unatoa maneno kifuani mwa mtu hata kama hakupanga kuyasema.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze kwanza, maana kila kitu kilianzia hapo. Dobi akisimama mbele ya wateja na shati lililokunjamana, ameifunga biashara yake mwenyewe. Kwa hiyo kaka huvaa shati lililonyooshwa asubuhi, na ikifika mchana, jasho na mvuke vikishalilegeza, hulivua na kuvaa jingine kutoka kwenye hanga. Lile la asubuhi haliendi kwenye beseni. Hulitundika kwenye msumari ulio kando ya meza ya wifi, na wifi hulivaa juu ya gauni lake, akakunja mikono, akakaa nalo mpaka jioni. Wamefanya hivyo tangu walipooana. Ukimuuliza wifi atakwambia ni kuzuia wanga wa kukazia nguo usiharibu gauni. Mimi mjinga nikaamini, nikamshonea aproni mbili nzuri zenye mifuko. Zikakaa kwenye droo. Siku niliyomuuliza kwa nini hazivai, nikiwa nimeshaanza kununa, alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kola aliyokuwa akiinyoosha.

"Aproni haina mtu ndani, wifi."

Niliona haya kama niliyefungua mlango wa watu bila kubisha. Sikuuliza tena.

Na wifi alikuwa akiimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya juu, safi, na alipoimba kaka alikuwa anakwenda na pasi yake kwa mwendo wa wimbo, bila yeye mwenyewe kujua. Kuna wateja waliokuwa wakipokea nguo zao na kubaki wamesimama, wanajifanya wanahesabu vifungo.

Kaka alipovuka hamsini akaanza kubadilika. Si kwa siku moja. Kwanza alianza kulala mchana juu ya rundo la mashuka, usingizi mzito wa mtu aliyebeba magunia, wakati hajabeba kitu. Halafu vichekesho vikaisha, na sikudhani kama siku moja ningevikosa. Mikono ikapungua nyama, tumbo likajaa. Mablanketi yaliyolowa, ambayo alikuwa akiyanyanyua peke yake na kuyatupa kwenye kamba, akawa anatuita tumsaidie, na tukimsaidia anakasirika. Ukimuuliza jambo dogo anakujibu kwa mkato. Mimi mdomo wangu hauna breki, nikamwambia ni uvivu umemwingia na aache kutununia. Akanitazama tu. Siku za nyuma angenirushia soksi.

Nyumbani kwao hali ilikuwa mbaya zaidi. Wifi alinifungulia moyo tukiwa tunakunja shuka kubwa, yeye pembe mbili na mimi pembe mbili, maana ukikunja shuka hivyo mnakutana uso kwa uso na kuachana, na anayesema anapata nafasi ya kurudi nyuma. Alisema mumewe amempa mgongo. Mwanzo alimjia akashindwa, akajaribu tena akashindwa, halafu akaacha kujaribu. Wifi alimwambia hana neno, waliyokwisha kuwa nayo yanamtosha. Lakini kilichomuuma hakikuwa tendo lenyewe. Kilichomuuma ni mkono. Kaka alikuwa na desturi ya kumwekea mkono shingoni akipita nyuma yake, jikoni, dukani, popote, na sasa hata huo mkono ameuondoa.

"Anaogopa nitauchukua kama ahadi," wifi aliniambia.

Tukakutana kwenye ukingo wa shuka. Macho yake yalikuwa yamejaa, nikampokea pembe zake mbili nikamalizia kukunja mwenyewe.

Kumbe kaka naye hakuwa amelala tu. Tulikuwa na mteja daktari, mzee mpole mwenye makoti meupe ambayo kaka aliyanyoosha mwenyewe na kuyapeleka mwenyewe kliniki. Siku moja alipeleka makoti akachelewa kurudi. Yaliyotokea huko tulikuja kuyajua baadaye. Alisimama mlangoni kwa daktari ameshika hanga tupu, akasema ana ndugu yake anayechoka sana. Daktari akamwambia huyo ndugu afunge mlango na aketi.

Daktari hakumpa dawa siku hiyo. Alimuuliza kuhusu usingizi, kama anakoroma, kama ana huzuni, anakunywa nini, anameza vidonge gani. Akamweleza kwamba mwili wa mwanamume una homoni iitwayo testosteroni, na homoni hiyo hupungua polepole umri unavyokwenda, kwa kila mtu, na kupungua huko si ugonjwa. Wengi wanaochoka wamechoka kwa sababu nyingine: sukari, unene, mawazo, dawa za presha. Lakini wapo ambao kwao inashuka kupita kiasi, na hao mwili na moyo vyote huzima pamoja. Haijulikani mpaka damu ipimwe, tena ipimwe asubuhi mapema, kwa maana ndipo homoni inapokuwa juu, na ipimwe zaidi ya mara moja. Kaka akapimwa, akarudi akapimwa tena. Ilikuwa chini mara zote mbili. Wakamkagua tezi dume na wingi wa damu, wakamuuliza kama bado anataka watoto, maana dawa hiyo hupunguza mbegu. Kaka akasema watoto aliokuwa nao wanamtosha, mmoja ameolewa mbali na wengine wanajitegemea. Anachotaka ni kurudi nyumbani. Daktari akamwambia si anaishi nyumbani? Kaka akalizungusha lile hanga mikononi, na nadhani daktari alielewa.

Akapewa jeli. Kila asubuhi baada ya kuoga ajipake mabegani, aache ikauke, anawe mikono kwa sabuni, afunike kwa shati. Mwanamke au mtoto asiguse mahali palipopakwa. Na awe na subira, maana dawa hii si ya kumrudishia mtu ujana, na inachukua miezi kuonekana. Kaka alishika kila neno. Mtu anayefuata maelekezo ya kufua hariri hawezi kushindwa na jeli.

Ila hakumwambia mkewe. Alimwambia ni dawa ya bega. Nani angeshuku? Dobi gani hana bega bovu? Aliona aibu, na zaidi ya aibu alitaka apone kwanza, halafu siku moja arudi kwake kamili, bila maelezo. Alitaka kumshangaza, maskini. Basi asubuhi alijipaka jeli yenye harufu ya spiriti, akasubiri ikauke, akafunika kwa shati lililonyooka kama alivyoambiwa. Na ikifika mchana akalivua shati hilo, akalitundika kwenye msumari.

Sisi sote ni watu wa nguo. Kutwa tunashughulika na kilichoingia kwenye kitambaa: mafuta, jasho, wino, rangi ya midomo isiyo ya mke. Ukituuliza, tutakwambia hakuna kinachogusa nguo kikaondoka bure. Na bado hakuna aliyeliwazia shati lile.

Miezi ilivyokwenda kaka akaanza kurudi. Niliisikia kwanza miluzi uwanjani. Halafu nikamwona ananyanyua blanketi peke yake na kulitupa kwenye kamba, kisha akageuka kutazama nani ameona. Kichekesho kikarudi, kile kile kibovu, akacheka kabla ya mwisho. Na nikamwona anavyomtazama wifi kutoka upande wa pili wa meza, akidhani hakuna anayemwona. Jamani, jinsi alivyokuwa akimtazama! Alimtazama kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake, anachungulia dirishani.

Lakini hakuthubutu kumsogelea. Aliogopa kushindwa tena, na aliogopa dawa isimguse. Siku moja wifi, kwa wema wake, akamwambia akae chini amchue lile bega. Akanyoosha mkono. Kaka akaruka kando kama aliyeguswa na pasi.

"Usiniguse hapo!"

Aliropoka tu, kwa hofu. Lakini wifi hakujua ni hofu ya nini. Alirudisha mkono wake, akauficha chini ya shati alilovaa, shati la mwanamume huyo huyo, akaendelea na kazi.

Hebu jiweke mahali pake. Mume ambaye hakugusi miaka, ghafla amechangamka, anapiga miluzi, kila asubuhi ananukia spiriti, na ukinyoosha mkono anakukemea. Wewe ungewaza nini? Wifi aliwaza hilo hilo, na mimi nikamsaidia kuwaza. Nilianza kuwakagua wateja wa kike mmoja mmoja. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa sketi za marinda aliyependa kumsifia kaka mikunjo yake. Basi nilimtilia wanga kwenye blauzi mpaka ikawa inasimama yenyewe bila mtu. Hakurudi wiki nzima. Mwanamke wa watu hakuwa na kosa lolote.

Wifi alivyozidi kukosa mtu ndivyo alivyozidi kulishika shati. Zamani alikuwa akilivua jioni na kulitia kwenye beseni. Sasa akawa anaondoka nalo mwilini, na nyumbani analikunja na kulilalia shavu, huku mwenye shati amelala palepale, mgongo umegeuzwa.

Halafu mambo yakaanza kumtokea. Vipele usoni, kama binti anayevunja ungo. Vinyweleo kidevuni, si vile viwili vitatu ambavyo sote tunavipata tukizeeka, bali vigumu na vyeusi, aking'oa leo kesho vipo. Nywele zikaanza kukimbia juu ya paji la uso. Na jambo jingine, ambalo aliniambia akiwa amejifunika uso kwa mikono: hamu. Yeye aliyesema hana neno, aliyeridhika, sasa mwili wake ulikuwa unawaka kwa ajili ya mtu asiyetaka kuguswa. Alisema ni kama adhabu. Alikuwa anamtamani mumewe akiwa amesimama naye meza kwa meza, na hakuwa na pa kuipeleka hamu hiyo.

Na sauti ikashuka. Mwanzo tulidhani ni mafua. Siku moja alianza wimbo wake na kwenye sehemu ya juu sauti ikakatika, ikatoka nzito, ya ajabu. Akanyamaza. Kaka aliinua macho, wifi akainamisha yake, na kuanzia siku hiyo chumba cha pasi kikabaki na mlio wa mvuke tu. Akawa anajitanda kitambaa mpaka kidevuni hata wakati wa joto kali. Kioo kidogo cha uwanjani akakigeuza kikatazama ukuta.

Sasa sikilizeni kilichonivunja mimi. Ilikuwa Jumapili, duka limefungwa. Kaka alikuwa ameamua kwamba siku imefika. Alioga, akajisugua mabega kwa sabuni mpaka yakawa mekundu, akavaa shati safi, akaenda kumkuta mkewe ameketi sebuleni. Hakusema kitu. Alinyoosha mkono, ule mkono wa zamani, akauelekeza shingoni kwake. Wifi, aliyekuwa ameungoja mkono huo miaka, aliuona unakuja usoni, unakuja kwenye kidevu, na akaupiga ukaenda kando. Akajifunika kitambaa, akainuka, akajifungia chumbani. Kaka akajua jibu lake ndilo hilo. Amerudi, na mwenye nyumba amechoka kungoja.

Mimi sikujua chochote. Nilipita dukani mchana huo kuchukua mwavuli wangu, nikamkuta yuko peke yake, anapiga pasi mashuka ambayo tulikwisha kuyapiga pasi. Alikuwa anayakunjua, anayanyoosha, anayakunja, anakunjua lingine. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kulikuwa na mikunjo. Hakukuwa na mkunjo hata mmoja.

Wifi naye akaamua. Aliniambia Jumatatu kwamba anakwenda kukaa kwa binti yake, na hakusema atarudi lini. Alikuwa na hakika ana uvimbe mbaya tumboni unaomgeuza, na hakutaka mumewe ashuhudie. Hapo nikapandwa na hasira. Nilimwambia ataondoka, sawa, lakini kwanza atapimwa, na akikataa nitambeba mgongoni. Tukafunga kazi mapema, tukaenda vilevile tulivyokuwa, kwa daktari mwingine, mwanamke, upande wa pili wa mji, ili kaka asisikie.

Damu yake ilipopimwa, majibu yalimkunja uso daktari. Homoni ya kiume ilikuwa imepanda kupita anavyopaswa kuwa nayo mwanamke yeyote. Akasema huenda ikawa uvimbe, na atampiga picha kuangalia, lakini kabla ya hapo akauliza kama kuna mtu nyumbani anayetumia dawa ya kupaka. Wifi akasema hakuna, labda ile ya mumewe ya kuchua bega, inanukia spiriti. Daktari akauliza kama yeye ndiye anayemchua. Wifi akatikisa kichwa, akasema hata kumgusa haruhusiwi.

Daktari alizungusha kalamu. Halafu macho yake yakashuka kutoka usoni kwa wifi mpaka kifuani, kwenye kola pana, kwenye mikono iliyokunjwa mara mbili.

"Na hilo shati, mama, ni la nani?"

Tulirudi dukani moja kwa moja. Kaka alikuwa bado yupo mezani kwake. Wifi aliingia, akalivua shati, akalitandaza juu ya meza ya mumewe, kifua juu, mikono imenyooshwa. Akamuuliza ile dawa ya bega inaitwaje. Kaka akalitazama shati. Akamtazama mkewe, ambaye kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa ameondoa kitambaa kidevuni, na ukaona kabisa jambo linamwingia, polepole, mpaka likafika. Aliweka pasi pembeni na kukaa juu ya rundo la mashuka. Kisha akasema yote, mimi nikiwa palepale mlangoni, na sikuondoka ingawa nilipaswa.

Nilitegemea wifi apige kelele. Sauti yake ilitoka nzito na ya chini, na alisema hivi.

"Miaka yote hiyo nililala nikidhani nimekuchosha. Ungesema tu unaumwa. Ningekungoja."

"Niliona aibu," kaka akasema.

"Na mimi aibu yangu umeniona nayo."

Akaenda kwa binti yake kesho yake. Daktari yule wa kike alisema akiepukana na ile dawa vipele vitaisha na vinyweleo vitapungua taratibu, picha ilionyesha tumbo ni salama. Ila sauti, alisema, mara nyingi ikishashuka hairudi.

Kaka alitaka kuacha matibabu siku hiyo hiyo. Aliitupa chupa ya jeli mwenyewe. Daktari wake mpole alisikitika sana, akasema aliwaza ngozi akasahau nguo, na akamweleza kuna njia nyingine, sindano ya msuli, anachomwa kliniki kila baada ya wiki kadhaa, na hakuna kinachobaki juu ya mwili. Damu itaendelea kuangaliwa isije ikawa nzito. Kaka akamwambia hajui anatibiwa kwa ajili ya nani sasa. Daktari akamjibu atibiwe kwa ajili yake mwenyewe, na hayo mengine atayajua baadaye. Akakubali sindano.

Basi akabaki na nguvu zake na meza tupu mbele yake. Hayo ndiyo yaliyoniuma kuliko hata wakati alipokuwa mgonjwa. Wakati ule alikuwa hana hamu ya kitu, hata huzuni yake ilikuwa imelala. Sasa alikuwa macho kabisa. Anapiga pasi na kila akifika mwisho wa mguu wa suruali anainua uso, anaona blanketi na shuka nyeupe, anainama tena. Wifi alinipigia mimi simu, si yeye. Kaka alikuwa anajifanya ana kazi karibu na kaunta mpaka niweke simu chini, halafu ananiuliza kama binti hajambo. Namjibu hajambo. Anauliza mvua imenyesha huko. Namjibu imenyesha. Anasimama kidogo, anarudi kwenye pasi.

Na kila mchana alivua shati na kulitundika kwenye msumari. Mwanzo nilidhani ni mazoea ya mkono. Lakini la pili likaja juu ya la kwanza, la tatu juu ya la pili, mpaka msumari ukaota nundu la mashati. Nilimwambia nayachukua nikayafue, duka la dobi halikai na nguo chafu ukutani. Alisema hayo si machafu. Nikamwambia yananuka. Akasema ndiyo, na akaniomba niyaache.

Wifi alirudi asubuhi moja ya kawaida, bila kumwambia mtu. Alipita kaunta, akanikumbatia, akaingia na mkoba wake. Uso ulikuwa umetakata. Kidevuni vilibaki vichache, na hakuwa amejitanda. Kaka alisimama na pasi mkononi, hajui aende mbele au abaki. Wifi akamwambia habari za siku nyingi. Ile sauti nzito. Kaka akaitikia nzuri, na wifi akawasha pasi yake, wakafanya kazi asubuhi nzima kama wageni wawili waliokodi chumba kimoja.

Mchana kaka akavua shati lake, akalishika, akashindwa kujua alipeleke wapi, maana msumari ulikuwa umejaa. Wifi akautazama ule mzigo ukutani. Nadhani hakuwa ameuona kabla ya hapo. Aliusogelea, akagusa mkono wa shati moja, wa lingine, akamgeukia mumewe aliyesimama na fulana, akamnyang'anya lile alilokuwa nalo.

"Hili lina nini?"

"Lina mimi tu," kaka akasema.

Akalivaa. Akakunja mikono mara mbili. Kaka akapita nyuma yake kwenda kwenye hanga kuchukua shati jingine, njia ambayo haikuwa na haja ya kupitia huko, na akamwekea mkono shingoni. Wifi hakujitoa. Wakarudi kila mtu mezani kwake, na mimi nikarudi kwenye soksi zangu, maana macho yalikuwa yameshaniharibikia.

Niliunganisha jozi mbili tatu. Halafu nikaisikia sauti. Alianza kwa kunong'ona, wimbo ule ule wa zamani, lakini aliuanzia chini kabisa, akiutafutia mahali papya pa kukaa. Ulikwaruza. Ukakatika, akaurudia. Sehemu ya juu alishindwa kuifikia, akaizunguka kwa chini, akapita. Haikuwa ile sauti. Ile haitarudi, na sitawadanganya kwamba hii ilikuwa nzuri kuliko ile. Lakini ilikuwa yake, na alikuwa anaimba.

Mimi nilisikia harufu kabla sijaona. Nikakimbilia ndani. Kaka amesimama wima, macho yapo kwa mkewe, pasi imetulia juu ya koti jeupe la daktari wake, na moshi unapanda taratibu pembeni ya mkono wake.

Nikamwambia kaka, pasi.

"Nyamaza kwanza," akasema. "Anaimba."

Nikainyanyua mwenyewe.